Fizi na Baraka: Mita tano za ugomvi, na satelaiti za karibu zinazotazamiwa kuzipunguza

BARAKA, Kivu Kusini – Mgeni anayeshuka kwenye pikipiki mjini Baraka na kuulizia nyumba ya mtu hapewi namba ya nyumba. Anaambiwa apite soko, akate kushoto penye mwembe, kisha aulize tena hapo. Hiyo ndiyo anwani, na inatosha maadamu mwembe bado umesimama na jirani yuko nyumbani. Wenye simu za kisasa siku hizi wana njia yao: hutuma mahali walipo kwa WhatsApp, na motari hufuata kitone cha buluu kwenye kioo cha simu.

Kitone hicho hakitulii. Uwanjani, mbingu ikiwa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa karibu mita tano. Kando ya ukuta, chini ya mawese au kwenye mabonde ya njia inayopanda kwenda Fizi, kosa hukua hadi mita 10, 20 au zaidi. Kwa motari si neno. Atapiga honi, au atapiga simu. Kwa majirani wawili wanaogombea mpaka wa kiwanja cha mita 15 kwa 20, mita tano ni chumba kizima pamoja na baraza lake.

Ndiyo maana kazi inayofanywa sasa na wahandisi wa Ulaya, Marekani na China, ya kutumia satelaiti zinazoruka karibu na dunia ili kujua mahali kwa usahihi zaidi, inawahusu wakaaji wa Fizi kuliko inavyoonekana. Pengine inawahusu kuliko watu wa Paris, ambao tayari wana njia nyingine za kupima hadi sentimita.

Mpaka uliobaki kichwani mwa mzee

Vita vya 1996 vilivusha watu wengi wa Fizi ng'ambo ya ziwa hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwezi wa Novemba mwaka huo. Kuanzia Oktoba 2005, meli za shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, zilianza kuwarudisha kupitia Baraka. Wengine walikuta viwanja vyao vimejengwa na watu wasiowajua, au vimeuzwa na ndugu aliyebaki. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake: mti wa mawese, jiwe, kijito, na mzee aliyekumbuka. Mzee akishafariki, linabaki jiwe, na jiwe linahamishika usiku.

Ziwa nalo limefanya yake. Mwaka 2020 na 2021, kisha tena 2024, Tanganyika ilipanda ikameza nyumba na mashamba ya mwambaoni, kuanzia Uvira hadi Kalemie, Baraka ikiwemo. Maji yanaporudi nyuma hayarudishi alama za mpaka mahali pake.

Kisheria, tangu sheria ya 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya Serikali, na mwenye haki kamili juu ya kiwanja ni yule mwenye cheti cha usajili. Vijijini walio na cheti hicho ni wachache. Wengi wanaishi kwa haki ya desturi. Ugomvi ukitokea na wasuluhishi wakaja na GPS ya mkononi, wanaandika namba za kona nne, pande zote mbili zinatia sahihi, na watu wanaenda nyumbani. Lakini kifaa hicho nacho kina kosa lake la mita tatu hadi tano. Kipime leo, rudi kesho: kona imehama. Aliyeshindwa atadai kwamba mashine ilimdanganya, na hatakuwa amekosea sana.

Huko Misisi, kwenye dhahabu, hesabu ni nyingine. Kadasta ya madini, CAMI, hugawa nchi kwa miraba ya karibu hektari 85 kila mmoja, na katika mraba wa ukubwa huo mita tano hazionekani. Ila shimo likifuata mshipa wa dhahabu hadi mpakani mwa jirani, mita tano ndizo kila kitu.

Kwa nini simu hukosea

Satelaiti za GPS zinazofanya kazi ni kama 31, na ziko kwenye kimo cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza, hupima ishara imechukua muda gani kufika, na ikishapata satelaiti nne hupiga hesabu ya mahali ilipo yenyewe. Muda huo ni mdogo mno: saa ikikosea kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kosa ardhini ni sentimita 30.

Njiani ishara hupita ionosfera, tabaka la juu la anga ambalo jua hulijaza chembe zenye umeme. Tabaka hilo huchelewesha ishara, na kadiri linavyokuwa nene ndivyo kosa linavyokua. Hapo Fizi haina bahati. Ikweta ya sumaku ya dunia haipiti mahali pamoja na ikweta ya kawaida. Kwa upande huu wa Afrika inapita kaskazini, Ethiopia. Ionosfera hunenepa katika mikanda miwili, kama digrii 15 kaskazini na kusini ya mstari huo, na mkanda wa kusini unapita karibu na Ziwa Tanganyika. Baada ya jua kutua, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua lina misukosuko kama 2024, ishara hutetemeka na mara nyingine hukatika kabisa.

Saa hizo ndizo wavuvi wa ndagala wanapotoka na taa zao.

Kukosea mahali kwenye ziwa hili, kwa kweli, hakukuanza na simu. Richard Burton na John Speke walipopita mwaka 1858 walidhani Ubwari ni kisiwa, na Burton akaiandika hivyo. Ubwari ni rasi, kama mtoto yeyote wa Baraka anavyoweza kumweleza mgeni, naye anaitazama kila asubuhi ng'ambo ya ghuba ambayo hadi leo inabeba jina la Burton.

Penye fedha, dawa ya kosa la GPS imekwisha kupatikana. Stesheni ya kudumu hujengwa mahali panapojulikana kwa milimita. Inasikiliza satelaiti zilezile, na kwa kuwa inajua ilipo, inaweza kutangaza kila sekunde: sasa hivi GPS inakosea kwa kiasi hiki na kuelekea upande huu. Mpimaji aliye ndani ya makumi machache ya kilomita kutoka stesheni hiyo hupata sentimita mbili au tatu papo hapo. Katika kanda hii, mtandao unaojulikana zaidi ni KivuGNet, uliowekwa kuchunguza volkano za Nyiragongo na Nyamulagira karibu na Goma. Stesheni nyingine ziko Mbarara nchini Uganda na Malindi nchini Kenya. Kutoka Goma hadi Baraka ni kama kilomita 270 kwa njia ya ndege. Isitoshe, marekebisho hayo hupitia intaneti, na kwenye milima ya Fizi rezo si ya kutegemea.

Kuna njia ya pili ambayo haijazungumzwa vya kutosha huku. Tangu Januari 2023, Galileo, mfumo wa Umoja wa Ulaya, hutuma marekebisho ya bure kutoka angani kwa dunia nzima, na lengo lake ni kosa la kama sentimita 20 tu. Ni zawadi kubwa. Lakini inahitaji kipokezi maalumu, na inahitaji subira. Njia za aina hii zisizotegemea stesheni ya jirani hutaka kifaa kikae mahali pamoja, mara nyingi dakika 20 hadi 30, ndipo namba zake ziaminike. Wingu la mvua likija kutoka Ubwari, mpimaji anaanza kufunga vitu vyake.

Taa mbili ziwani

Satelaiti za karibu zinaingia hapo, kwenye subira hiyo.

Mtu anayesimama ufuoni Baraka usiku anaweza kuona taa mbili za mitumbwi, moja mbali kuelekea Ubwari, nyingine mita mia moja kutoka aliposimama. Mitumbwi yote miwili inapigwa kasia kwa mwendo mmoja. Taa ya mbali inaonekana kama imepigiliwa msumari. Ya karibu inapita mbele ya macho yake kutoka kushoto hadi kulia kabla hajamaliza kula muhogo wake. Kama angetaka kutumia taa hizo kujua yeye mwenyewe amesimama wapi, ya karibu ingempa pembe nyingi kwa muda mfupi.

Satelaiti za GPS ni taa ya mbali. Kila moja huchukua karibu saa 12 kuizunguka dunia, na kwa dakika kadhaa haibadilishi upande kwa kiasi cha kumsaidia mpimaji. Satelaiti za karibu huruka kati ya kilomita 500 na 1,200 hivi juu ya ardhi, kwa kasi ya zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, na huvuka mbingu ya Baraka kwa dakika kumi hivi. Upande zinakotokea hubadilika haraka, na kipokezi kinaweza kutenganisha kosa la ionosfera, la saa na la mahali bila kungoja sana. Hesabu za watafiti zinaonyesha kwamba zikiongezwa juu ya GPS na Galileo, zile dakika 20 au 30 zinaweza kushuka hadi dakika moja au mbili.

Faida ya pili ni nguvu. Taa ikiletwa karibu mara 20, hung'aa mara 400 zaidi. Satelaiti ndogo hazina taa kubwa kama za GPS, lakini hata hivyo kampuni ya Marekani ya Xona Space Systems inasema ishara zake zitafika ardhini zikiwa na nguvu mara 100 kuliko za GPS. Kwa anayepima chini ya miti mikubwa ya Itombwe au katikati ya miteremko miwili, tofauti hiyo ni kati ya kupata namba na kutopata.

Wazo lenyewe ni la zamani. Pikipiki ikija mbio barabarani sauti yake huwa kali, na ikishapita hushuka. Mwenye sikio zuri anaweza kujua ilipita saa ngapi na karibu kiasi gani. Mwaka 1957, William Guier na George Weiffenbach wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliisikiliza Sputnik ya Warusi kwa namna hiyohiyo na kugundua njia yake angani. Kisha hesabu ikageuzwa: ukijua njia ya satelaiti, unaweza kujua wewe uko wapi. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mfumo wa Transit wa jeshi la majini la Marekani, wenye satelaiti kwenye kimo cha kama kilomita 1,100, uliotumika kuanzia 1964 hadi ulipofungwa 1996. Katika miaka ya 1980, satelaiti hizo za karibu ndizo zilizotumika katika mpango wa ADOS kupima upya alama za ramani katika nchi za Afrika. GPS ilipokuja, zikasahauliwa. Sasa zinarudi kwa mlango mwingine.

Xona ilirusha satelaiti yake ya kwanza ya Pulsar mwezi Juni 2025 na inapanga kufikisha 258. Shirika la anga la Ulaya, ESA, lilitia sahihi mikataba ya satelaiti za majaribio mwezi Machi 2024. Mradi huo sasa unaitwa Celeste. Nchini China, GeeSpace, kampuni ya anga ya watengeneza magari wa Geely, ilirusha satelaiti tisa za kwanza Juni 2022, hasa kwa ajili ya magari.

Tena kuna zile ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hii kabisa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, wakiongozwa na Zak Kassas, walisikiliza ishara za satelaiti sita za Starlink bila msaada wa kampuni hiyo na bila kusoma ujumbe uliomo. Walizitumia kama mtu anavyotumia sauti ya pikipiki, na wakapata mahali antena yao ilipo kwa kosa la chini ya mita nane. Mita nane si kitu cha kupimia kiwanja. Lakini ilionyesha kwamba mbingu ina taa nyingi ambazo hakuna aliyezihesabu. Kongo ilikataza Starlink mwaka 2024, na mwezi Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ikaipa leseni.

Ishara inapoghushiwa

Kwa watu wa Kivu, nguvu ya ishara si jambo la starehe. Desemba 2024 suala la kuvuruga na kughushi ishara za GPS katika Kivu Kaskazini lilifika mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa sababu lilihatarisha ndege za abiria na za misaada. Kuvuruga ni kupiga kelele juu ya sauti ya satelaiti hadi isisikike. Kughushi ni kubaya zaidi: kifaa kinasikia satelaiti ya uongo na kumwonyesha rubani mahali ambapo hayupo. Yote mawili ni rahisi kwa sababu ishara ya GPS ikifika ardhini imechoka kabisa. Ishara yenye nguvu mara 100 humlazimisha mvurugaji atumie mashine kubwa zaidi au asogee karibu zaidi. Haimzuii kabisa.

Tangu hapo vita vimeshuka kusini. Bukavu ilianguka Februari 2025, na M23 wakaingia Uvira mwezi Desemba mwaka huo. Droni zimekwisha kuwa sehemu ya mapigano ya Kivu, na hapa ndipo habari hii inapopoteza utamu wake: usahihi unaomsaidia mpimaji wa kiwanja humsaidia vilevile anayerusha droni. Kampuni zinazouza ishara zilizofungwa kwa nambari za siri zitaweza kuchagua nani azipate. Uchaguzi huo hautafanyika Kinshasa, sembuse Fizi.

Swali la fedha liko palepale. GPS na Galileo ni za bure kwa kila mwenye simu. Xona ni biashara, na wateja inaowatafuta kwanza ni wa mashine za kilimo, magari na vifaa vya upimaji. Simu ya bei nafuu inayouzwa sokoni Baraka haitasikia ishara hizo hadi watengeneza chipu waone faida ya kuziweka. Njia iliyo karibu zaidi kwa Fizi ni kipokezi kimoja kinachomilikiwa na ofisi ya ardhi au shirika, kinachozunguka kijiji hadi kijiji. Kipokezi kimoja kinatosha sekta nzima, kama kinachohitajika ni dakika mbili kwa kila kona na hakuna stesheni ya kujenga, kulinda na kuwekea mafuta ya jenereta. Hilo ndilo linalofanya satelaiti za karibu ziifae nchi isiyo na stesheni kuliko ile iliyojaa stesheni.

Afya nayo imo. Novemba 2014, Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza na wachoraji wa OpenStreetMap, walianzisha mpango wa Missing Maps, ambamo watu wa kujitolea huchora nyumba na njia kwa kutazama picha za satelaiti. Baraka, ambako MSF ilifanya kazi tangu 2003 hadi mashambulizi yalipoilazimisha kusitisha kazi zake Fizi mwishoni mwa 2020, ni miongoni mwa miji iliyochorwa. Ramani hiyo ipo na ni ya bure. Lakini kipindupindu kinapozuka, kujua mtaa hakutoshi. Anayefuatilia wagonjwa hutaka kujua ni kisima kipi, na visima viwili vinaweza kuwa mita kumi tu kutoka kimoja hadi kingine. Kwa simu ya leo, kitone cha buluu kinaweza kuangukia kisima kisicho na kosa.

Kwa sasa, anayetaka kupima kiwanja Baraka au Fizi bila kungoja satelaiti za mtu yeyote anaweza kupunguza kosa kwa kazi ya mikono. Apime mchana, asingoje giza liingie. Kifaa kikae kimya kwenye kila kona, dakika 20 au zaidi, mbali na bati na ukuta, na wastani ndio uandikwe badala ya namba ya kwanza iliyoonekana. Arudi siku nyingine, kwa saa tofauti, apime tena. Simu yenye uwezo wa kusikiliza masafa mawili ya GPS hufanya vizuri kuliko yenye moja, kwa sababu kwa kulinganisha masafa hayo inaweza kufuta sehemu kubwa ya kosa la ionosfera. Na kwenye karatasi, chini ya namba za kona, ziandikwe tarehe, saa na aina ya kifaa, ili siku kipokezi bora kitakapofika, aliyepo ajue ni mita ngapi za kubishania.